Saa Moja ya Giza

Taa za kiwanda cha saruji, hapa Hima,
hazina habari kwamba jua limezama.
Nimevaa kofia ya njano, pamba masikioni,
nahesabu mifuko ikipita kwenye mkanda.

Kabugho, dada yangu wa maabara,
alinichorea haya nyuma ya fomu ya damu
siku alipokuwa akimsuka bintiye.
"Tazama," kalamu mdomoni, "misuko saba.
Kipokezi ni uzi mmoja wa protini
uliopenya utando wa seli mara saba, kwenda na kurudi,
kama sindano kwenye shuka."
Mtoto akalia: anavutwa nywele.

Na mlango?
"Hauko juu, pa kupigia hodi.
Uko ubavuni, kati ya msuko wa nne na wa tano,
ndani ya mafuta ya utando.
Melatonini huyeyuka humo kama samli kwenye wali wa moto,
ndipo huingia, kiubavu."

Nilitarajia kengele, cheche, tarumbeta.
Wapi! Upande wa ndani, protini jirani huachiwa mkono,
nayo huenda kufunga bomba;
kelele za seli zikapungua, zikapungua,
kama soko wanapokunja maturubai.
Ujumbe wote ni huo: punguza.
Vipokezi ni viwili. Kimoja hutuliza,
kingine husogeza mishale ya saa,
"au ndivyo tunavyodhani," akasema, "wenzetu bado wanabishana."

Kondoo wa nchi za baridi
husoma urefu wa usiku wajue majira ya kupandana.
Sisi ikweta inatupitia hapo Kikorongo:
usiku ni saa kumi na mbili, Januari, Juni, daima dawamu.
Barua ileile kila jioni.
Labda ndiyo maana Kiswahili kililipa giza saa moja yake:
jua likizama, hesabu huanza upya,
na ile tezi ndogo kichwani nayo huanza.

Isipokuwa kwangu. Mgeni hatoki kwao
mradi taa hizi zinawaka.

Saa nane, umeme ukakatika.
Mkanda ukasimama na mfuko wa mia nne na sita.
Giza likaja zima, lenye harufu ya vumbi na mvua ya milimani.
Dakika nne. Hazitoshi kitu, angesema Kabugho.
Hata hivyo niliegemea ukuta,
kwa ubavu,
nikangoja.

Jenereta likakohoa.
Mia nne na saba.