Kamba ya Mafundo

Kumi na moja. Niliziandika kwa mkaa
nyuma ya mlango wa choo cha shule, Newala,
mstari mmoja kwa kila mpira uliovuka
mkorosho wa Binti Nampoto na kupotea.
Mwingine ulipita katikati ya majani, salfa ikapanda, moshi wa njano,
mwenyewe akatoka kajifunga kanga kiunoni, anaapiza,
nami nazunguka besi zote nne nikicheka
kama niliyeokota hela.

Nikajipa na jina. Leo sitalitaja.

Agosti tukateremka. Tandahimba, Nanguruwe,
masikio yakiziba na kuzibuka,
hadi uwanja wa Mtwara mjini,
mpana kama ahadi ya mgombea.
Hakuna mkorosho. Uzio uko kule,
na mdakaji wa mbali kasimama mdogo kama kifungo cha shati.
Kusi linakuja usoni, lina chumvi.

Mpira wa kwanza niliupata barabara.
Mikono inajua: ule mlio,
kisha ule ukimya ndani ya kiwiko.
Nikakimbia polepole, kwa maringo, macho juu.
Ukapanda. Ukasita,
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani,
ukarudi. Kijana wa Mikindani akaudaka
bila kunyanyua kisigino.

Wa pili vilevile.
Wa tatu ulipinda mbele ya gongo langu
namna ambayo mpira wa kwetu haujawahi kupinda.

Mwalimu Chinduli, afundishaye fizikia na besiboli
kwa daftari moja, alikuwa anamenya chungwa.
"Somoe, kule juu hewa ni nyembamba.
Mpira wa mita tisini unaongezewa tatu, usizidishe.
Huku una hewa ya kushika, ndiyo maana unapinda."
"Na hewa ya huku ina maji, ni nzito," nikadakia.
"Hapana. Yenye mvuke ni nyepesi kuliko kavu."
Tukamcheka, timu nzima, hata waliofungwa vibaya.
Akala chungwa lake.
"Kinacholoa ni mpira. Kinachokurudisha ni kusi.
Kule kwetu kusi hilohilo lilikuwa mgongoni mwako."

Nilirudi na kamba ya katani,
fundo kila mita. Dadi akashika ncha
pale mpigaji anaposimama, nami nikatembea.
Hadi mkorosho: sitini na mbili.
Sitini na mbili! Huko Mtwara
huo ni mpira wa kudakwa na mtoto.

Nikaanza kutoa.
Tatu za kilima. Kumi za upepo,
siku nyingine kumi na tano,
na siku nyingine sikumbuki majani yalielekea wapi.
Kumi na moja zikawa sita, zikawa mbili,
ikabaki moja: asubuhi ya Juni,
mihogo imetulia kama picha,
na sikuona ulikoangukia.

Binti Nampoto akaja na beseni la mipira tisa,
imekula utomvu, mmoja umetafunwa na mbwa.
"Nimesikia unapiga hesabu," akasema.
"Maua yangu umeyatoa?
Kila mpira kikonyo kizima. Kilo mbili msimu huu, au tatu."
Sikuwa nimeyatoa.
Nikaandika: korosho, kilo tatu, deni.

Akageuka kwenda, akasimama.
"Na ule uliopita juu ya bati langu?
Haukugusa jani. Nilidhani ni ndege."
"Lini?"
"Siku isiyo na upepo. Nilikuwa napepeta, makapi yakaniangukia miguuni."

Tukaitandaza kamba tena.
Tukapita mkorosho, tukapita bati, shimo la taka,
mihogo, njia ya mbuzi.
Fundo la themanini na nane likaniponyoka mkononi:
kamba imekwisha, na mbele yangu
uwanda nao umekwisha, ni bonde tu.

Dadi akapaza sauti kutoka huko nyuma:
"Niandike ngapi?"

Nikamwambia aendelee kushika.