Pochi ya Mwizi

Kabla hatujatoka, Shangazi Narcisa hunigeuza
kama nguo inayopimwa mwilini:
zipu ielekee ndani, isielekee watu;
mkoba uje mbele, ukae kama mimba ya miezi saba;
hereni zivuliwe, zibaki sahanini kando ya sabuni.
Simu? Ndani ya soksi. Nikicheka, ananifinya.
"Divisoria wiki ya Krismasi," anasema,
"ina mikono mingi kuliko watu."

Fedha zake amezigawa
kama mama wa watoto wengi agawavyo wali:
za nyuzi ndani ya sidiria, upande wa moyo,
za lesi upande wa pili,
za nauli ya kurudia kazishonea pindoni mwa sketi
kwa mshono mlegevu, wa kukatwa kwa meno.
Kisha huichukua pochi nyekundu, ngozi ya uongo,
akaitia mfuko wa nje, kichwa kikichungulia.

Hiyo ni ya mwizi.

Miaka tisa ameibeba. Ndani mna peso hamsini,
vifungo vinne vya koti, viipe uzito,
na karatasi iliyokunjwa ambayo sikuruhusiwa kuisoma.
"Barua ya mtu haisomwi,
hata kama mwenyewe hajulikani."

Mtaa wa Juan Luna ulitumeza saa tatu asubuhi.
Mikokoteni ya mabeseni, taa za nyota za karatasi,
mtu anauza soksi kwa kuimba bei,
mgongo wangu ukijua migongo mingine mitano.
Sarafu zikamwagika mbele yetu, cheng'e cheng'e,
nikataka kuinama.
"Usiinamie," akaninong'oneza. "Tazama nani hainami."
Nikatazama. Kijana wa shati la kijani hakuinama.
Hakuwa akizitazama sarafu. Alikuwa akitutazama sisi.

Kwa Teodulo muuza lesi tulibishana bei
mpaka mkanda wake wa kupimia ukachoka.
Tulipogeuka, mfuko wa nje ulikuwa mdomo wazi.

Shangazi akaupitisha kidole.
Mkato mmoja, ulionyooka, wa wembe mpya;
bitana haikuguswa.
"Huyu angekuwa fundi," akasema, na nikaapa
nilisikia wivu kidogo katika sauti yake.
Akajipapasa: kushoto, zipo. Kulia, zipo. Pindo, lipo.
Hatukupoteza kitu.
Lakini njia nzima alikuwa akiutia mkono pale palipokatwa,
kama ulimi unavyolirudia pengo la jino.

Usiku nikamuuliza aliandika nini.

Mwaka wa kwanza, matusi, akasema, matusi mazuri.
Halafu Crisanto akafukuzwa kazi gatini,
na jioni moja akaja na mkoba wa mwanamke
asioweza kuueleza.
Mlikuwa na fedha, chanuo,
na kadi ya kliniki ya mtoto aliyebakiza sindano mbili.
"Wali wa mkoba ule tuliula siku nne.
Kadi nikaiweka kabatini, nikisema kesho nitaipeleka.
Ilikuwa na jina la mtaa, Amihan. Ilikuwa na namba ya nyumba."

Ndipo akabadilisha barua. Mstari mmoja tu:
*Hizi ni zako. Ukikuta kadi ya mtoto penginepo, irudishe.*

Hakuniambia kama ile ya kabatini ilirudi.
Nami sikuuliza; mjomba alikuwa chumba cha pili, akikohoa.

Asubuhi ameushona mfuko kwa uzi mwekundu,
mshono mnene, wa kuonekana.
Pochi nyingine, ya bluu safari hii. Peso hamsini.
Vifungo. Macho yake siku hizi hayaoni herufi,
basi kalamu kanipa mimi.
"Anza na salamu," anasema kutoka jikoni,
"hatukulelewa porini."

Naandika: Hujambo.
Nafuta. Naandika tena.
Nje padyaki wa kutupeleka anapiga kengele,
na shangazi ananikagua kwa mbali: mkoba mbele,
zipu ndani, hereni sahanini,
simu ndani ya soksi ikinichoma kifundo.