Kitabu cha Wageni

Mistari minne kwa rula, kazi yangu ya kila mwezi:
Jina. Atokako. Shughuli. Maoni.
Mimi ni mpishi, ila mwandiko wangu unasomeka,
ndiyo maana kitabu kinalala jikoni
kati ya chumvi na kopo la majani ya chai,
na kurasa zake zinanuka kitunguu.

Jumanne walikuja wanne, huku kwetu Charambe,
saa nne, mchanga wa uwanja umeshaanza kuunguza nyayo.
Baba, mama, mvulana na simu yake,
na Fenna, miaka tisa,
pua imembabuka, plasta gotini.
Juzi walikuwa Mikumi kwa tembo,
kesho wanapanda boti ya Unguja.
Sisi tulikuwa katikati,
kama nyama ya sambusa.

Bwana Mgeta akawapanga watoto kwa urefu
wakaimba ule wimbo.
Siupendi ule wimbo.
Siwema huuimba macho yakiwa kwenye masufuria yangu,
anahesabu mifuniko mpaka beti ziishe.

Sitawasema vibaya. Lile tenki juu ya paa
lililetwa na likizo ya watu wengine, mwaka wa mafuriko,
na kila alfajiri nikifungua bomba
namshukuru mtu ambaye sura yake nimeisahau.
Lakini shukrani nayo ni mzigo, jamani,
na mtoto anayeambiwa tabasamu
hana kata ya kuubebea.

Baba mtu akashika kalamu. Chini ya Shughuli
akaandika: likizo.
Akawatazama watoto. Akalikata.
Akaandika: kusaidia.
Akatulia, jasho likidondoka juu ya jina lake mwenyewe,
hilo nalo akalikata
akanirudishia kalamu
kana kwamba mimi ndiye ningejua.

Hapo ndipo mama akauliza, Fenna yuko wapi?

Chooni hayupo. Garini hayupo.
Mvulana ameinua kichwa kwa mara ya kwanza.
Tukazunguka nyuma ya jiko, na huko,
katikati ya duara la rede,
amepiga magoti, anajaza chupa mchanga
kwa viganja vyote viwili,
na Kondo yuko mwisho wa mstari
na mpira wake wa soksi.
Alimlenga mgongoni. Pah! Hakumwonea huruma.
Kwa Kondo, hiyo ndiyo heshima,
haitoi kwa kila mtu.
Mama akaita mara mbili. Msichana, bila kugeuka,
akapaza neno moja la kwao,
nami sikuhitaji mkalimani,
nina wanne wa kuwazaa, nalijua:
Bado!

Jioni, wageni wameshaondoka,
nachambua mchele, Kondo kakaa kizingitini.
"Na sisi tukienda likizo,
tutatembelea watoto gani?"
Sikuwa na jibu. Niliona jiwe kwenye mchele, nikalitoa.
Mwanahawa ndiye aliyejibu, "Wale wa pua zinazoungua."
"Tuwapelekee nini?"
"Mafuta ya nazi."
"Na chupa," akasema Siwema, "huenda kwao hawana."
Wakabishana kwa dhati, kama kamati,
nani atabeba, nani ataimba.
"Wao ndio waimbe," alisema Kondo. "Sisi si ndio wageni?"

Nilipokifungua kitabu kuandika tarehe
nikakuta mstari wa nne, mwandiko wa mtoto.
Jina: Fenna.
Atokako: amechora nyumba na mvua.
Maoni: maneno ya lugha yao, Bwana Mgeta mwenyewe kashindwa.
Na chini ya Shughuli, pale baba alipokata mara mbili,
amechora chupa,
mchanga umefika nusu.

Wakakisogelea kitabu, vichwa vitatu chini ya taa moja.
Kondo akaipima ile chupa kwa kidole,
toka kitako hadi shingo.
"Hajamaliza," akasema. "Tunamdai nusu."