Yanoleduele

Mwaka wa kwanza, Tunguu, chumba cha pili kutoka chooni.
Feni moja inazunguka, nyingine inaitazama.
Tuko kumi na mmoja. Saba wanazitaka hoteli za Nungwi,
watatu walikosa nafasi Sheria,
na mimi nikiulizwa kwa nini Kihispania
hujibu: basi tu.

Mwalimu Vuai alisoma Havana ujanani,
akarudi na shahada ya viwanda vya sukari,
akaishia kutumenyea vitenzi.
Herufi za mwisho huzimeza kama mtu anayefuturu.
Msiogope, anasema, nusu mnayo nyumbani.
Fulano ndiye fulani wenu yuleyule.
Hasta ni hata, ilipita njia nyingine ikaokota s.
Azúcar imo koponi kwa mama yako.
Ñ? Mwite nyanya yako, umeshaitamka.
Na "kuwa" wanazo mbili, wageni huzililia,
nyinyi mmezaliwa nazo:
mtu ni Mpemba, mtu yuko Wete.
Nani hapa huchanganya?

Hakuna. Ila r zao zinanishinda.
Moja ni "lakini", mbili ni mbwa,
ulimi wangu hautaki kutetema,
kila nikimwita mbwa
huja lakini.

Muhula wa pili, wiki ya tisa: viungo vya mwili.
Tunaanzia juu, tunashuka.
Anaandika ubaoni: me duele la cabeza.
Anageuka. "Kama kwetu. Kichwa ndicho kinachouma,
wewe ndiwe unayeumwa.
Me duele. Te duele. Le duele."

Kalamu yangu ikasimama.

Leduele.

Mkoani, wodi ya wanawake. Nina miaka saba.
Bibi Mize amelala, kanga imemfika kidevuni.
Daktari wa Kikuba anauinua mkono wake,
anaurudisha kitandani
kama arudishaye yai kiotani.
Mkalimani amekwenda kuswali.
Daktari anamtazama mama, anasema neno moja refu:
Yanoleduele.

Mama akajua ni dawa.
Akamwambia Mjomba Shaame, chukua baiskeli, kimbia.
Mtambile walicheka.
Chake walifungua daftari, wakalifunga: labda Unguja.
Alilishika lile neno njia nzima,
akilirudia kila mlima lisimdondoke,
na aliporudi, usiku, mikono mitupu,
alitukuta tunasoma Yasini.

Miaka kumi na minne mjomba hapiti mbele ya duka la dawa.
Akishikwa na homa humtuma mtoto.

Nikanyoosha mkono. Mwalimu, na ya no?
"Ah." Akajifuta chaki kwenye suruali.
"Ya ya kwetu hukaa katikati, imeshika vitu viwili,
mkono huku, mkono huku.
Ya ya kwao haishiki kitu. Tayari, ndiyo maana yake.
Sasa. Basi.
Ya no: si tena."

Ya no le duele.
Haumwi tena.

Nikaomba ruhusa. Nje, kwenye ukumbi,
salio shilingi mia tatu.
Mjomba alikuwa akishindilia makonyo guniani,
niliyasikia yakikwaruza.
Mjomba, nimeipata ile dawa.
Makonyo yakanyamaza.
Haikuwa dawa, mjomba. Alikuwa akitwambia
bibi haumwi tena. Ndilo tu alilosema.

Kimya kikala shilingi mia.

Nilitazamia ashukuru.
Nilitazamia alie, au acheke,
nilikuwa nimejitayarisha kwa vyote vitatu.
Akasema:
"Basi ningekaa."

Nikatafuta la kumjibu, kwa lugha hii na ile,
salio likakatika.

Niliporudi darasani
wenzangu walikuwa wameshafika magotini.