Bahasha Yenye Dirisha

Jumanne na Alhamisi, kengele ya saa sita ikilia,
wenzangu wanaingia darasa la kemia;
mimi natokea mlango wa nyuma wa shule
na buti zenye chuma puani,
nadandia basi la kuvuka mto,
baridi ya Milwaukee ikinitafuna masikio.

Kazi yangu ni lifti.
Si kuzipanda: kuzishukia,
chini ya sakafu ya chini kabisa,
penye grisi na giza na sarafu
zilizowaponyoka watu kabla sijazaliwa.

Leszek, fundi wangu, si msemaji.
Siku ya kwanza alinipa tochi, akasema, "Sikiliza."
Nikasikiliza. Sikusikia kitu.
"Ndivyo itakiwavyo. Ikianza kuimba, tuna kazi."

Shuleni namba ilikuwa namba.
Humu shimoni ina uzito: kilo mia nane
za watu wasiojua jina langu
zinaning'inia kwenye kamba sita za chuma,
na mimi, Pahoua, wa miaka kumi na saba,
ndiye niliyepima unene wa kila kamba
mara mbili,
maana mara ya kwanza nilikosea
na Leszek akanitazama tu.

Ijumaa moja ikaja bahasha.
Mama aliifungua kabla yangu, akijua ni deni,
kwani bahasha zenye dirisha
hazijawahi kutuletea jambo jingine.
Akasoma jina. Akasoma saa: thelathini na mbili.
Akafika kwenye kodi, akaangua kicheko:
"Karibu, mwanangu. Sasa nawe ni mtu wa kukatwa."

Nilinunua gunia la mchele, na soksi nene,
na, sitaficha, kucha za bandia za zambarau.
Kufika Jumanne grisi ilikuwa imezimaliza.

Kemia naisoma usiku, daftari likinuka mafuta.

Lifti ya jengo letu imekufa tangu Oktoba.
Tunakaa ghorofa ya saba.
Bibi hajagusa lami tangu majani yapukutike;
theluji anaijua kwa dirishani.
Jana nilitega sikio mlangoni pake.
Kimya. Lakini si kile kimya cha Leszek.
Nikamulika upenyoni, nikaona kilichokatika,
kitu kidogo, bei yake naijua,
ni mshahara wangu wa siku mbili.

Mwenye jengo hapokei simu.
Nimeiandika namba ya mashine kiganjani,
kwa wino usiotoka kwa sabuni.