Mwaka wa Maji

Mvua ilianza Desemba. Februari ilikuwa bado inaanza.
Majaruba ya Usangu yakasahau matuta yake,
mpunga, nyasi na barabara ya Igurusi
vikawa kitu kimoja cha kijivu.
Tulifurahi. Niseme ukweli, tulifurahi.
Jilala alisema ng'ombe watanenepa wamesimama.

Hatukujua kuna mayai yaliyolala udongoni
tangu mwaka ule mwingine wa maji,
madogo kuliko chembe ya masizi,
makavu, yenye subira ya mdai
anayejua mlango wako na hana haraka.
Maji yalipoyagusa, yakaamka na mbawa.

Jioni ukipitisha mkono mbele ya taa
unarudi umevaa mbu.
Watoto tuliwafunika kwa chandarua.
Ng'ombe, nani amfunike?

Wa kwanza kuharibu mimba alikuwa kondoo wa Mama Ngolo.
Tukasema amekula kitu.
Kesho yake watatu. Kesho kutwa zizi la Magunga
likaamka limetapakaa vitu vyekundu,
vyenye kwato laini kama kucha za mtoto mchanga.
Husemwa ng'ombe wa maskini hazai.
Mwaka ule hata wa tajiri hakuzaa.
Magunga, mwenye mia nne, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
akihesabu kwa vidole, akikosea, akirudia.

Jilala alikuwa na mikono ya ukunga.
Usiku ule aliuingiza mmoja hadi kwapani
kumtoa ndama aliyefia tumboni mwa Kisamvu,
ng'ombe pekee aliyesalia baada ya mahari yangu.
Alinawa mferejini, bila sabuni.

Kihwelo, bwana mifugo, alikuja kwa pikipiki
iliyovaa matope hadi kwenye vioo.
Akavaa glovu, akachukua damu, akaifungia kwenye boksi la barafu.
"Msichinje. Msichune. Maziwa yachemke mpaka yapande.
Mimba iliyotoka izikwe, msimpe mbwa,
wala msiiguse kwa mikono mitupu.
Hii ni homa ya Bonde la Ufa."
"Ufa upi?" Jilala akauliza. "Hapa ni bonde tu."
Watu wakacheka. Nami nilicheka;
ndilo jina langu, Tusekile: tumecheka.

Mnada ukafungwa. Bucha zikafungwa.
Ada ya shule ilisimama zizini kwa miguu minne,
haiuziki, hailiki, inacheua.
Kuna waliochinja usiku. Sitawataja.
Lakini harufu ya nyama haina siri,
ilipita nyumba kwa nyumba ikibisha hodi,
na wanangu walikula maharage wakitazama ukuta.

Siku ya tano Jilala akatetemeka.
Tukasema malaria. Kipimo kikakataa.
Homa ilipoondoka nilimshukuru Mungu mapema mno.
Wiki ya tatu nilimmiminia chai,
akanyoosha kikombe kando ya birika.
"Kitambaa chako nakiona," alisema,
"na hereni, zote mbili.
Uso sioni. Pale katikati pana moshi."

Daktari wa macho, kule Mbeya, alimulika, akamulika tena.
Huenda ikapungua, alisema.
Huenda: neno dogo, nauli kubwa.

Sasa ni Septemba. Udongo umepasuka,
nyufa zinaingia kidole, na humo ndani
najua nani amelala.
Kihwelo amerudi na chanjo. Tumepanga foleni, sisi na ng'ombe.
Kisamvu ana mimba tena. Glovu nimezitundika
msumarini, pale ilipokuwa kofia.

Jilala husimama langoni, anahesabu mifugo kwa kwato.
Mimi nikipita na ndoo anageuza shingo,
ananivizia kwa ukingo wa jicho,
kama kijana yule
aliyekuja kwetu siku tatu mfululizo
kuuliza bei ya maziwa.