Nduguye

Fomu ya mashtaka ina vyumba vitatu vya jina:
lako, la baba, la ukoo.
Chumba cha tatu ndicho kilichonichelewesha chakula
siku ile ya Oktoba, mahakamani Masasi,
salfa ya mikorosho ingali puani
na Wahabeshi kumi na mmoja wamekaa sakafuni
wameegemea kabati la majalada.
Walishushwa kwenye lori la mbao kule Mangaka,
kabla hawajauona mto.

Polisi walishaandika: TAMIRATI LODAMO WANDIMU.
Nikacheka peke yangu.
Wandimu! Watu wa ndimu.
Kabila jipya, majirani wa Wamachungwa.

Kijana akatikisa kichwa.
Alikuwa na Kiswahili cha miezi sita,
Kiswahili cha kupakua magunia Isili.
"Si wa, ni wo. Na si ukoo.
Ni baba ya baba. Kwetu ya kuandika ukoo hakuna.
Wewe jina yako, halafu baba, halafu babu.
Unataka ingine, unapanda tu."

Na maana yake?
Akatafuta neno, akalikosa,
akamgusa mwenzake aliyesinzia begani pake.
"Wondim, huyu. Tumbo moja.
Unaweka u nyuma, inakuwa ya yeye."

Ndugu. Yake.
"Nduguye," nikamwambia. "Na sisi tunakata mkia hivyo hivyo."
Akalirudia mara mbili, taratibu,
kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba ya watu.

Babu huyo alizaliwa wa pili.
Wakamwita hivyo ili wa kwanza ajue hayuko peke yake.
Jina la kumtazama mwingine,
jina la nyuma ya mtu, la mkononi mwa mtu.
Halikukusudiwa kurithiwa, sembuse kusafiri.

Lakini kila nchi ina fomu, na kila fomu chumba cha tatu.
Shangazi yake yuko Goteborgi, anaogesha wazee;
kengele ya mlango wake imeandikwa Wondimu,
mwanamke mzima, mjane, aitwaye ndugu yake fulani wa kiume.
Binti yake kazaliwa huko, kaolewa, kabaki nalo,
hajawahi kulifungua aone ndani mna nini.
Toronto liko kwa e.
Melbani mtu kalizidishia herufi, hajui nani alianza.
Na Rastenbagi, nyuma ya kaunta ya mablanketi,
liko kwa o, na huyo ndiye aliyekuwa akifuatwa.
"Wote ndugu zako?"
"Hapana. Wengine sijui kabisa.
Hosaena, mtoto ya pili ni wengi."

Mimi Mmakua. Nihimo yangu nimepewa na mama,
na hakuna karatasi iliyowahi kuiuliza.
Kitambulisho kinasema Mkwepu,
babu mzaa baba, ambaye nilimwona mara moja
akigombana na mtu juu ya kamba ya mbuzi.

Kaka yangu Osmundi alivuka Ruvuma
mwaka ule korosho zilipolala maghalani.
Huko Nampula anajiandikaje, sijui.
Pengine kwa u. Pengine kwa jina la mwenye duka.

Nilikata a kwa wino mwekundu, nikaweka o,
nikasaini pembeni kama utaratibu unavyotaka.
Ndilo pekee nililomfanyia.

Saa nane hakimu akaketi. Nikaita majina.
La nne likanitoka vibaya, sijui njaa, sijui nini:
"Tamirati Lodamo Nduguye."
Akasimama. Hakusita hata kidogo.

Askari wa mlangoni, mtu wa mzaha, akauliza kwa sauti,
"Nduguye nani?"

Watu wakacheka.
Kijana akageuka kunitazama mimi.
Nikainama, nikafunua jalada,
nikatafuta ukurasa ambao tayari ulikuwa wazi.